Wasomaji Wanauliza: Herufi Tisa, Dakika Moja na Nusu

Barua za safari hii nyingi zimetoka Kigoma, na mbili zimekuja kutoka Tabora. Zote zinazungumzia mchezo mmoja: herufi zinachotwa mfukoni bila kuchungulia, saa inawashwa, kila mtu anaandika maneno anayoyaona ndani ya herufi hizo, saa ikilia kalamu chini.

Tulinunua seti ya herufi za Kiingereza dukani, lakini kila tukicheza watoto wanakosa maneno, wanabaki wakizitazama tu. Baba yao anasema Kiswahili kina maneno machache. Ni kweli?
*Mama wa watoto wanne, Mwanga, Kigoma*

Mama, mwambie baba watoto kosa ni la mfuko. Hebu tuitumie barua yako yenyewe. Sentensi yako ya kwanza, kuanzia "Tulinunua" hadi "tu", ina herufi 100 kamili. Ndani yake A ziko 20, I 13, U 7, E 6 na O 4. Jumla irabu 50, nusu ya herufi zote. Kwa upande wa konsonanti, N zinaongoza zikiwa 9, K 8, T 7, Z 5, W 4. Q haimo, X haimo, na C iko moja tu, tena imeshikana na H kwenye "tukicheza".

Sasa fungua hiyo seti. Scrabble ya Kiingereza ina vipande 100: 98 vina herufi, 2 ni vitupu. A ni 9. E ni 12. Irabu zote pamoja ni 42. Na K ni moja! Lugha yenye *ku-*, *ki-*, *ka-*, *kwa*, *kama* na *kila* inapewa K moja, halafu inalaumiwa kwamba haina maneno. Wala mtengenezaji hakukosea. Alfred Butts, Mmarekani aliyebuni mchezo huo miaka ya 1930, alihesabu herufi kwenye magazeti ya Kiingereza ndipo akapanga idadi. Hesabu yake ni sahihi kwa lugha yake.

Sababu ya nusu kwa nusu mnaijua tangu darasa la kwanza: ba, be, bi, bo, bu. Silabi zetu karibu zote huishia kwa irabu. Zinazokwepa ni chache: *m* ya "mtu", *n* ya "nne", na maneno tuliyoyapokea kama "labda" na "daftari". Irabu zikipungua mfukoni, konsonanti zinabaki hazina pa kuegemea.

Mfuko wa kuanzia tunaoupendekeza ni huu. Irabu 50: A 19, I 11, U 9, E 6, O 5. Konsonanti 50: N 7, K 6, M 5, W, L na T nne nne, S 3, halafu H, B, Y, R na P mbili mbili, na Z, D, G, J, F, V na CH moja moja. CH iandikwe kwenye kipande kimoja, kwa kuwa C peke yake haina kazi kwetu. SH, NY, NG, TH na DH hazihitaji vipande vyake, zinaundwa kwa herufi mbili. Kibainishi cha *ng'ombe* kiwe bure: mwenye N na G anakiweka mwenyewe.

Kama hutaki kununua kingine, badilisha hiyo hiyo seti. Toa E 6, R 4, O 3, D 3, T 2, G 2, C zote 2, na moja moja kutoka S, F, V, Q na X, pamoja na vile vitupu viwili. Hivyo ni vipande 29. Vibandike karatasi nyeupe ya gundi, uandike upya: A 10, U 5, K 5, M 3, I 2, W 2, N 1 na CH 1. Vilivyobaki 71 haviguswi. Ila karatasi ya gundi inahisika kwa kidole, na watoto si wajinga, watajua kwamba penye gundi pana A. Kwa hiyo bandika vipande vyote 100, hata visivyobadilishwa. Zile namba ndogo pembeni ya herufi zisahau, maana K inahesabiwa alama 5 kwa sababu ni adimu kwa Waingereza.

Ukitaka kuhakiki idadi kwa hesabu yako, tumia ukurasa mzima wa gazeti. Usitumie methali. "Haraka haraka haina baraka" ina herufi 23, na 11 ni A. "Mgeni njoo mwenyeji apone" ina 22, na A ni moja tu. Ukiupanga mfuko kwa methali moja utaangukia kwenye moja ya mashimo hayo mawili.

Nina mabaki ya mninga karakanani. Nataka kuchonga seti za kuuza. Vipimo vikoje, na niandike kwa nini herufi zisifutike?
*Fundi seremala, Urambo, Tabora*

Fundi, kipande cha milimita 20 kwa 20, unene 4 au 5, kinatosha. Chana vipande virefu vya upana wa milimita 20 na urefu wa sentimita 60. Msumeno wa mkono unakula kama milimita 2 hadi 3 kila unapokata, hivyo kila kirefu kitakupa vipande 26, na virefu vinne vitakupa 104. Vinne vya ziada usivitupe. Mteja atapoteza K siku ya tatu.

Mninga una sifa nzuri lakini pia una hila: mishipa yake inaonekana. Kipande chenye doa jeusi mgongoni kikishajulikana kuwa ni A, mchezo umeharibika. Kwa hiyo mabaki yote ya seti moja yatoke kwenye ubao mmoja, upande wa nyuma upigwe rangi moja nzito, na pembe zote zipigwe msasa kwa kiasi sawa. Anza na namba 120, malizia na 240. Kipande chenye pembe kali kuliko vingine kidole kinakitambua bila macho.

Kuhusu kuandika, wengi huandika kwa maka peni kisha wanapaka vanishi juu, na wino unatawanyika. Sababu ni kwamba wino wa maka peni na vanishi mara nyingi vinayeyushwa na kimiminika kilekile. Ama uandike kwa rangi ya mafuta na kibrashi chembamba, uache ikauke siku nzima ndipo upake vanishi, ama uchome herufi kwa msumari uliowashwa kwenye mkaa. Ukichoma, choma juu juu tu. Herufi iliyochimbika inasomeka kwa ncha ya kidole ndani ya mfuko, na O inatambulika upesi kuliko zote.

Tumia herufi kubwa, na piga mstari chini ya M, W, N na Z. M ikigeuzwa ni W, N ikilazwa ni Z, na ugomvi wa namna hiyo hauna mwamuzi.

Mfuko: kitambaa kizito cha tabaka mbili, sentimita 20 kwa 25, mdomo unaobana kwenye kifundo cha mkono. Vizibo vya soda, ambavyo wengi hutumia badala ya vipande vya mbao, vina kasoro mbili. Meno yake yanachana mfuko, na kila soda ina rangi yake, kwa hiyo vizibo vyote vitoke kwenye soda ya aina moja.

Hapa kijiweni tunagombana. Mmoja kaandika "ukaigema", anadai herufi nane. Mwenzake kasema hilo si neno, ni sentensi. Nani ana haki?
*Vijana wa kijiwe, Ujiji*

Wote wawili wana hoja, na hapa ndipo mchezo wa Kiswahili unapokufa au kupona.

Tuchukue herufi zenu, ambazo tunaona zilikuwa A, A, B, E, G, I, K, M, U. Ni mchoto mzuri: irabu tano, konsonanti nne. Bila viambishi vya nafsi na wakati yamo maneno kama *iga, iba, baki, aibu, bega, mega, gema, kamba, kambi, gamba, bamia, bagua, mbuga, ukame, umbea, kumbe, geuka*. Ya herufi sita yapo *kiumbe, mabega, mabaki, geukia, gubika*. Na lipo moja la herufi nane, ambalo mtu wa Ujiji akilikosa ana la kujibu sokoni: *migebuka*, wale samaki wa Ziwa Tanganyika.

Sasa fungulieni viambishi mwone. Kwa *gema* peke yake: akigema, ukigema, ukagema, ukaigema. Geuzeni konsonanti, *gema* inakuwa *mega*: akimega, ukimega, ukamega, ukaimega. Kwa *iba*: ukaiba, umeiba, ameiba. Maneno kumi na moja kutoka kwenye mizizi mitatu, na hakuna aliyefikiri chochote. Mchezaji anashika U-KA na A-KI kama koleo, anachovya kila kitenzi. "Ukaigema" inapata alama sawa na "migebuka". Hiyo si haki kwa aliyeona samaki.

Kwa hiyo sheria tunayoishauri ni hii, na isomwe kwa sauti kabla mfuko haujatikiswa. Nomino zinakubaliwa kwa umoja na kwa wingi, hivyo *mgebuka* na *migebuka* yanahesabiwa kuwa maneno mawili. Kitenzi kinakubaliwa kikianza na mzizi wake na kuishia kwa *-a*, pamoja na minyambuliko yake yote: *piga, pigwa, pigia, pigana, pigisha, piganisha*. Hapo ndipo utajiri wa lugha ulipo, na mnyambuliko unataka akili. Viambishi vya nafsi, wakati, ukanushi na yambwa vinakataliwa. *Ku-* inakataliwa pia, isipokuwa kwa vile vitenzi vifupi visivyosimama bila hiyo: *kula, kufa, kuja, kunywa*, pamoja na *kwenda*.

Vivumishi viingie na upatanisho wake (*mzuri, kizuri, mazuri*), maana *-zuri* haitembei peke yake. *Hiki, wangu, yule* ni halali. Majina ya watu na miji, hapana, hata kama ni Ujiji.

Wapo wanaoruhusu kiambishi kimoja tu, yaani "apige" ipite na "ampige" ibaki nje. Tumeuona utaratibu huo na hatuupendi. Mnatumia nusu ya muda kuhesabu viambishi.

Kuhusu kamusi: moja tu mezani, si mbili. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI ilitoka 1981, toleo la pili 2004, la tatu 2013. Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA ni ya 2015. Hazilingani, na mwenye mbili atachagua inayompa ushindi. Unapotafuta, kumbuka kitenzi kimewekwa bila *ku-*: "kuandika" kitafutwe kwenye A. Minyambuliko haipo yote, hivyo kama shina limo na mnyambuliko unatamkika na kueleweka, upite. Anayepinga neno na likakutwa, apoteze alama moja. Hiyo inapunguza kelele kuliko mwamuzi yeyote.

Na maneno ya mahali, kama majina ya samaki wa ziwa lenu ambayo kamusi yenu huenda haina? Wekeni karatasi ya mezani. Neno linaingia humo likikubaliwa na wote kabla ya mchezo, kamwe lisiingizwe katikati.

Alama: maneno ya herufi mbili yasihesabiwe, maana *na, ya, la, za* yangejaza ukurasa. Herufi tatu au nne alama 1, tano alama 2, sita alama 3, saba alama 5, nane na kuendelea alama 11. Huo ndio mpango wa Boggle, mchezo wa maneno wa dadu za herufi, na umepanda kwa makusudi, ili neno refu moja lilipe kuliko mafupi kumi. Neno lililoandikwa na zaidi ya mtu mmoja linafutwa kwa wote. Wengi wanairuka sheria hiyo kwa huruma, kisha wanashangaa kwa nini kila mtu anaandika *iba* na *iga*.

Kwani herufi tisa, au zile dadu kumi na sita? Ipi ndiyo sahihi?
*Msomaji, Kibirizi*

Ni michezo miwili. Boggle ina dadu 16 zinazolala kwenye kisanduku cha nne kwa nne kwa dakika 3, na lazima herufi ziguse jirani yake, upande au pembe, bila kurudia dadu ileile ndani ya neno moja. Ule wa herufi tisa ulitokea kwenye televisheni: Ufaransa ulianza 1965, Uingereza ukaanza 1982 kwa jina la Countdown, sekunde 30, mshindi ni mwenye neno refu kuliko wenzake.

Kwa Kiswahili tunapenda herufi tisa. Kwenye kisanduku, irabu zikijikusanya kona moja, konsonanti za kona ya pili zinakufa, nasi hatuunganishi konsonanti ovyo kama Waingereza. Ukitaka dadu kwa lazima, chonga nane za irabu tupu na nane za konsonanti, uzipange kama miraba ya ubao wa drafti.

Sisi muda tunapima kwa simu, lakini chaji ikiisha mchezo umekwisha. Kuna njia nyingine? Na dakika ngapi zinafaa?
*Msomaji, Uvinza*

Kwa herufi tisa: watu wazima waliozoea, sekunde 60. Mchanganyiko wa wakubwa na watoto, dakika moja na nusu. Watoto wa darasa la tatu na la nne, dakika 2. Zikizidi 3 watu wanaanza kuongea, na mwenye mkono mwepesi anachungulia daftari la jirani. Zile sekunde 30 za televisheni zinatosha kwa kutafuta neno moja refu, hazitoshi kuandika orodha.

Saa ya mchanga unaitengeneza nyumbani kwa chupa mbili za plastiki za soda, zile ndogo, zinazofanana. Bandika vifuniko viwili mgongo kwa mgongo kwa gundi kali, subiri ikauke, toboa tundu moja katikati kwa msumari wa moto, milimita 4 hadi 5. Mchanga wa ufukweni unafaa, ila uoshe, uanike juani siku mbili, kisha uchuje kwa chujio la chai. Jaza chupa moja nusu, funga nyingine juu yake, pindua huku simu (siku ina chaji) ikihesabu. Ikifika dakika moja na nusu, lalisha chupa. Mchanga uliobaki juu umwage. Uliokwisha shuka ndio kipimo chako.

Ukikatika katikati, kuna punje kubwa imeziba au mchanga una unyevu. Masika saa hiyo inachelewa, kwa hiyo ipime upya kila mwezi au uanike mchanga tena. Chumvi usitumie, hata kama hapo Uvinza ndiyo iliyo karibu kuliko mchanga: inavuta unyevu hewani na kuganda mabonge.

Na saa ikiisha, neno lililokatika njiani halihesabiwi. "Kiumb" si kiumbe.

Je, "balua" na "kulara" yakubaliwe? Huku kwetu watu ndivyo wanavyotamka.
*Msomaji, Kaliua, Tabora*

Yasikubaliwe. R na L zikiruhusiwa kubadilishana, mfuko unakuwa na herufi moja pungufu. Lakini msimcheke anayekosea, maana mara nyingine zote mbili ni halali na maana ni tofauti kabisa: *kalamu* na *karamu*, *mahali* na *mahari*. Mwenye shaka aandike yote mawili, kila moja kwenye mstari wake, na kamusi iamue.

Nina wanafunzi 45 na mfuko mmoja. Nitachezesha vipi darasa zima bila vurugu?
*Mwalimu wa darasa la sita, Kasulu*

Mwalimu, vipande usiwagawie. Gawa darasa makundi tisa ya watoto watano, kila kundi daftari moja na mwandishi mmoja. Andaa mifuko miwili badala ya mmoja: wa irabu 50 na wa konsonanti 50. Mtoto mmoja anasimama mbele, anaita "irabu" au "konsonanti" mara tisa, wewe unachota na kuandika ubaoni kwa herufi za urefu wa kiganja. Kwenye Countdown angalau irabu 3 na konsonanti 4. Kwetu weka angalau irabu 4, zisizidi 5. Zikiwa 3 darasa linanyamaza. Zikiwa 6 unapata *ua, oa, aua* na vicheko.

Muda anza kuuhesabu baada ya herufi ya tisa kuandikwa, si wakati unaandika, maana walio mbele wanaona kabla ya walio nyuma. Dakika 2. Kila raundi mwandishi anabadilika, la sivyo mtoto mmoja atafanya kazi ya watano.

Kusahihisha ndiko kunakokula kipindi. Makundi yabadilishane madaftari, kundi moja lisome kwa sauti maneno ya daftari lililo mbele yake, kila lenye neno hilo likate. Kundi linalofuata lisome yaliyobaki tu. Raundi moja, pamoja na kusahihisha, inakuchukua kama dakika 10, hivyo kipindi cha dakika 40 kinabeba raundi tatu na nafasi ya kutulia. Ukijaribu tano, za mwisho hutazisahihisha.

Kama unachezea nje chini ya mwembe na vipande vyako ni vya karatasi, weka kila kimoja ndani ya kizibo. Upepo wa mchana hauna adabu.

Dada yangu ananishinda kila siku. Anapata maneno kumi na tano, mimi sita. Nifanyeje ili niwe na kasi?
*Mwanafunzi wa kidato cha pili, Kigoma Mjini*

Mdogo wetu, kwanza acha kuziandika herufi kwa mstari mmoja. Mstari unakushawishi usome kushoto kwenda kulia. Ziandike kwa duara, irabu ndani, konsonanti nje, na jicho litaanza kuunda silabi lenyewe.

Pili, geuza silabi. Kiswahili kinakuruhusu kwa kuwa silabi zimefunguka. *Lima* inakupa *mali*, *kata* inakupa *taka*, *tema* ni *mate*, *kazi* ni *zika*, *kaba* ni *baka*. Kila neno la silabi mbili unaloliona, ligeuze kabla hujahamia lingine. Si yote yatakubali, lakini kukagua ni nusu sekunde.

Tatu, angalia una herufi gani za kunyambulia. W ikiwepo, jaribu kutendwa: *funga, fungwa*. K ikiwepo, kutendeka: *vunja, vunjika*. N pamoja na A ya ziada, kutendana: *penda, pendana*. U ya ziada inaweza kufungua kilichofungwa: *funga, fungua, ziba, zibua, kunja, kunjua*. Dada yako pengine haoni maneno mengi kuliko wewe. Anaona neno moja halafu anazaa manne.

Hapa wengi wanapoteza alama: irabu ya kutendea inafuata irabu ya mzizi. Mzizi wenye *a, i* au *u* unachukua *i*: *andikia, pigia, fungia*. Wenye *e* au *o* unachukua *e*: *pendea, somea*. Kwa hiyo "pigea" haipo, na "somia" haipo. Ukiwa na E mkononi lakini mzizi wako una I, usipoteze muda, hamia kwingine.

Nne, nomino kwa jozi. Ukiona M mbele ya neno la mtu, tafuta W na A za wingi wake. Ukiona K na I, ziweke mbele ya kila kilichobaki. U mbele ya kivumishi mara nyingi inazaa nomino: *-zuri, uzuri; -baya, ubaya*.

Andika mafupi katika sekunde 20 za mwanzo, mkono ukiwa mbichi, kisha usiyarudie tena. Zilizobaki zote ni za maneno ya herufi tano kwenda juu. Watu wengi hufanya kinyume: wanawinda refu kwanza, halikamatiki, halafu saa inalia na daftari lina *iba*.

Jaribu na hizi: F, A, N, W, I, U, A, Z, N. Dakika moja na nusu. Neno la herufi tisa limo, na mwalimu wa Kasulu anayo 45 darasani.